Mkataba wa miaka mitatu, binti wa miaka 14: namna ya kukagua shule ya kimataifa Dubai

Swali: Mume wangu amepata kazi Dubai kwa mkataba wa miaka mitatu na tunahamia huko familia nzima. Nina binti wa miaka 14 aliye kidato cha pili hapa Mwanza, na kijana wa miaka 10, darasa la tano, shule ya ingilishi midiamu. Kabla hatujahama nitakwenda siku tano kuangalia shule za kimataifa. Kwenye mitandao zote zinapendeza. Nikifika pale, niangalie nini na niulize nini? (Msomaji, Nyegezi, Mwanza)

Jibu: Dada, kabla hujafika kwenye geti la shule yoyote kuna hesabu ya kufanya ukiwa hapo hapo Nyegezi, nayo ndiyo itakayokuonyesha shule za kutembelea na za kuacha. Chukua umri wa binti, ongeza miaka ya mkataba. Unapata 17.

Shule za mtaala wa Uingereza, ambazo Dubai zimejaa, hupanga watoto kwa umri. Mwenye miaka 14 mwaka wa masomo unapoanza huingia Mwaka wa 10. Mwaka wa 10 na wa 11 ni kozi moja ya miaka miwili inayoishia kwenye mitihani ya IGCSE (kama kidato cha nne kwetu), kisha Mwaka wa 12 na wa 13 ni A Level (kama kidato cha tano na cha sita). Sasa hesabu: mkataba wa baba ukiisha, binti atakuwa amemaliza Mwaka wa 12, yaani yuko katikati ya A Level, na visa ya familia inategemea kazi ya baba. Familia nyingi huligundua hili wakati masanduku yameshaanza kufungwa.

Mna njia tatu, na ni vizuri mkubaliane kabla hujakata tiketi. Ya kwanza ni mume kuzungumza na mwajiri mapema kuhusu mwaka wa nne. Ya pili ni binti kumaliza Mwaka wa 11, kubeba cheti chake cha IGCSE na kurudi kuingia kidato cha tano; NECTA ndiyo hutoa ulinganifu wa vyeti vya nje, hivyo vyeti halisi na matokeo yake vitunzwe vizuri. Ya tatu ni kuchagua mtaala ambao mtoto anaweza kuhama nao. Cambridge, bodi ya mitihani ya Uingereza, hutoa AS Level, nusu ya kwanza ya A Level, inayosimama kama cheti chake yenyewe, na shule nyingine ya Cambridge inaweza kuendelea naye kutoka hapo. Hata hapa Mwanza Isamilo International inafuata Cambridge. Diploma ya IB, mtaala wa kimataifa wa miaka miwili ya mwisho ya sekondari, haikatiki kirahisi hivyo: ni masomo sita kwa miaka miwili, insha ndefu ya maneno 4,000, somo la nadharia ya maarifa na shughuli za nje ya darasa (hizi ni lazima lakini hazina alama), jumla ikifika hadi alama 45, na cheti huanzia alama 24. Ukimhamisha mtoto katikati, lazima upate shule yenye masomo yaleyale sita kwa viwango vilevile, na kwa hapa nyumbani hiyo ni kuitafuta, kwa mfano, Dar es Salaam au Moshi. Mimi kwa mkataba wa miaka mitatu nisingechagua IB kwa binti huyu, hata shule iwe nzuri kiasi gani. Kwa mdogo wake mkataba huo hauna tatizo: ataingia Mwaka wa 6, miaka mitatu itamfikisha Mwaka wa 8, na katikati hapo hakuna mtihani wa kumfunga.

Shule za Kimarekani huhesabu tofauti. Toa moja tu. Mwaka wa 10 kwao ni gredi ya 9. Wao hukusanya alama za kila mwaka peke yake, kwa hiyo kuingia na kutoka katikati ni rahisi zaidi, lakini binti akitaka vyuo vikuu vya nje ya Marekani, vingi vitadai pia mitihani ya AP, yaani ya masomo ya kiwango cha chuo, inayosahihishwa kwa alama 1 hadi 5. Uliza shule ina masomo mangapi ya AP na ni wanafunzi wangapi waliofanya mtihani mwaka jana, si mangapi yameandikwa kwenye kijitabu.

Jambo la pili ni kalenda. Sisi tunaanza Januari. Shule za mtaala wa Uingereza na Marekani Dubai huanza mwishoni mwa Agosti na kumaliza mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai. Za mtaala wa Kihindi huanza Aprili. Mkihama Januari binti ataingia Mwaka wa 10 muhula mzima umeshapita: fasihi wameshasoma nusu ya tamthilia, kemia wameshamaliza mada zao za kwanza, na nafasi katika masomo ya kuchagua zimejaa. Ikiwezekana baba atangulie, nyie mfuate Agosti. Na kama binti atakuwa ametimiza 15 kufikia Agosti, mfumo utampeleka Mwaka wa 11, ambako shule nyingi hazimpokei mtu mpya kwa sababu nusu ya kozi imeshapita. Hapo omba kwa maandishi aanzie Mwaka wa 10, ukieleza kwamba kalenda ya Tanzania ni ya Januari na kwamba hajarudia darasa. Zipo shule zinazokubali na zipo zinazokataa katakata. Tuma barua pepe hiyo wiki sita kabla ya safari. Jibu la kukataa litakuokolea asubuhi nzima. Ulizia pia tarehe ya mwisho ya kuhesabu umri, maana kanuni hiyo hubadilishwa.

Sasa ripoti. Shule binafsi za Dubai zinasimamiwa na mamlaka inayoitwa KHDA, iliyoanzishwa 2006, na ripoti zake za ukaguzi ziko wazi kwenye tovuti yake bila malipo. Viwango ni sita, kuanzia bora kabisa hadi dhaifu sana. Wazazi husoma neno la juu tu wakafunga. Wewe nenda kwenye sehemu wakaguzi walipoandika shule irekebishe nini, nakili mistari miwili mitatu, kisha siku ya ziara muulize mkuu wa shule amefanya nini kuhusu hiyo mistari. Anayejibu kwa mfano, kwamba walibadilisha hiki, wakaajiri wa kile, anaijua shule yake. Anayekuambia kwamba wakaguzi hawakuelewa, endelea na safari yako. Angalia na tarehe: ukaguzi kamili ulisitishwa mwaka wa masomo 2024/25, hivyo ripoti nyingi ni za 2023/24 au nyuma zaidi, na shule ikibadilisha mkuu tangu hapo, ripoti inamwelezea mtu aliyeshaondoka.

Siku zako tano zipange hivi: fika Jumapili, kisha Jumatatu hadi Alhamisi shule moja kila asubuhi, na Ijumaa urudi kwa ile iliyokushika. Tangu Januari 2022 mapumziko ya wiki huko ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa shule huruhusu mapema kabla ya sala. Usiende Julai wala Agosti kabla shule hazijafunguliwa. Utaonyeshwa majengo matupu na kiyoyozi. Ramadhani vipindi hufupishwa, hutaona siku ya kawaida. Na usikubali ile siku maalumu ya wageni yenye puto na juisi. Omba siku ya kazi, vipindi vikiendelea.

Atakayekupokea ni ofisa wa udahili. Ni mtu mkarimu, kazi yake ni kujaza viti. Atakupitisha kwenye bwawa, ukumbi wa maigizo, chumba cha roboti. Vipite haraka, kisha omba mambo ambayo hayamo kwenye njia yake.

La kwanza ni daftari. Mkiwa darasa la Mwaka wa 6, muombe mwalimu akuonyeshe daftari la hisabati au la uandishi la mtoto wa katikati, si la anayeongoza. Fungua kurasa za wiki tatu zilizopita. Kuna kazi za kila siku au kuna karatasi za kujaza zilizobandikwa kwa gundi tu? Mwalimu ameandika maoni au amepiga vema ukurasa mzima? Na hapa ndipo penye siri: chini ya maoni ya mwalimu, mtoto amerudia ile hesabu aliyokosa? Daftari ambalo marekebisho yanafanyika linaonyesha kwamba mwalimu anafuatilia, na hilo haliwezi kuandaliwa asubuhi kwa ajili ya mgeni. Wakikuambia kazi zote ziko kwenye tableti, sawa, waombe wafungue programu na wakuonyeshe kazi ya mtoto mmoja mwezi mzima. Kusita hapo ni jibu tayari.

La pili ni mapumziko. Omba ukae kantini dakika 15 bila maelezo ya mtu. Angalia watoto wanaokula peke yao na kama kuna mtu mzima anayewaona. Ingia choo cha wanafunzi, si cha wageni: sabuni ipo, milango inafungika? Mambo haya yanasema mengi kuhusu utawala kuliko hotuba ya mkuu.

La tatu ni kuondoka. Shule za watoto wa wageni ni shule za watu wanaohama, walimu kwa wanafunzi. Mikataba ya walimu mara nyingi ni ya miaka miwili. Uliza waziwazi: mwaka jana walimu wangapi waliondoka, kati ya wangapi? Mmoja kati ya watano si ajabu kwa shule za aina hii. Mmoja kati ya watatu, uliza kwa nini, na uliza hasa walimu wa hisabati, fizikia na kemia wa Mwaka wa 10, maana binti akibadilishiwa mwalimu katikati ya IGCSE, atakayeumia ni yeye. Uliza pia mtoto mpya anapokelewa vipi, hasa anayekuja katikati ya mwaka. Jibu lenye maana lina mtu na muda ndani yake: mwanafunzi fulani humpokea, mwalimu wa malezi hukaa naye wiki ya kwanza na ya sita, mzazi hupigiwa simu siku fulani. “Watoto wetu ni wakarimu sana” si utaratibu.

Matokeo ya mitihani nayo yana mtego wake. Shule itakutajia asilimia ya waliopata alama za juu. Uliza idadi iliyo nyuma ya asilimia: waliofanya IGCSE walikuwa wangapi, na walioanza Mwaka wa 10 walikuwa wangapi? Kama 80 walianza na 55 wakafanya mtihani, baadhi wamehama kweli, lakini wengine huenda walishauriwa “kutafuta shule inayowafaa”.

Kuhusu mtihani wa kuingia: shule nyingi za mtaala wa Uingereza hutumia CAT4, unaofanywa kwenye kompyuta na wenye sehemu nne: maneno, namba, maumbo yasiyo na maneno, na nafasi (kugeuza maumbo kichwani). Mtoto aliyekua akizungumza Kiswahili nyumbani, hata kama ni wa ingilishi midiamu, huweza kushuka kwenye sehemu ya maneno huku akipanda kwenye maumbo na namba. Usikubali upewe wastani mmoja. Omba alama za sehemu zote nne. Pengo likiwa hivyo, shida ni lugha, akili ipo, na mazungumzo yahamie kwenye msaada wa Kiingereza: anatolewa darasani au anasaidiwa akiwa ndani, mara ngapi kwa wiki, nani anaamua kwamba sasa inatosha, na je, unalipiwa ziada? Zipo shule zinazotoza ada ya pembeni kwa msaada huo na haimo kwenye kijitabu.

Kijana wako atafanya vizuri sarufi. Shule zetu zinafundisha sarufi. Kitakachomkwamisha ni kuandika ukurasa mzima kutoka kichwani bila mwongozo, na kuulizwa “wewe unaonaje?” na mtu mzima asiyemfahamu. Kuanzia leo aandike nusu ukurasa kila jioni juu ya jambo lolote: soko la samaki la Kirumba, foleni ya kivuko Kigongo kabla ya daraja, chochote. Kisha mzazi amuulize maswali mawili kwa Kiingereza na anyamaze hadi ajibu.

Kiarabu kinasahaulika. Dubai shule binafsi lazima zifundishe Kiarabu kwa wasio Waarabu hadi Mwaka wa 10, na wanafunzi Waislamu husoma pia elimu ya dini ya Kiislamu. Binti ataingia Mwaka wa 10 na watoto waliokisoma tangu Mwaka wa 2. Uliza wanaoanza upya wanawekwa kundi gani na wanapimwa kwa kipimo cha nani. Kiswahili nacho usikiache Mwanza. Cambridge ina mtihani wa IGCSE wa Kiswahili, na IB inaruhusu mwanafunzi kusoma fasihi ya lugha yake kwa kujisimamia, shule ikimpa msaada. Shule ikikubali kumsajili, binti anapata somo moja la uhakika katikati ya masomo mapya.

Usalama utaupima kwa miguu yako. Getini unapaswa kuonyesha kitambulisho, kuandikishwa na kuvalishwa kadi ya mgeni. Ukiwa ndani, rudi nyuma hatua chache kana kwamba umepotea njia: mfanyakazi anayekuona anapaswa kukuuliza wewe ni nani. Uliza kama rekodi za polisi za walimu huombwa kutoka kila nchi waliyowahi kufanyia kazi, siyo ya kwao tu, na ni nani mwenye dhamana ya ulinzi wa watoto. Mwanafunzi anayekutembeza anapaswa kumjua mtu huyo. Muulize yeye, usimuulize ofisa.

Fedha. Dirham imefungwa kwenye dola kwa 3.6725, hivyo ada ya dirham 60,000 kwa mwaka ni kama dola 16,300, na shule za Dubai zinaanzia chini ya dirham 10,000, nyingi za bei hiyo zikiwa za mtaala wa Kihindi, hadi zaidi ya 100,000. KHDA huchapisha karatasi ya ada ya kila shule. Linganisha na uliyopewa ofisini. Kwa kanuni zake, amana ya mwanafunzi mpya haizidi asilimia 10 ya ada ya mwaka, ya kurudi mwaka unaofuata haizidi asilimia 5, na hukatwa kwenye ada. Nje ya ada kuna basi, sare, chakula, tableti, safari na ada za mitihani ya IGCSE, ambazo hulipwa kwa kila somo. Mume asome barua ya ajira neno kwa neno: posho ya elimu inagharamia ada tu au na hivyo vingine, kwa watoto wangapi, na kazi ikikatika Februari, nani anamalizia mwaka?

Nyumba ifuate shule. Pango la Sharjah, mji jirani, ni nafuu na wengi wanaofanya kazi Dubai wanakaa huko, lakini foleni ya asubuhi kati ya miji hiyo ni ya kuumiza, na basi la shule linaikuta yote. Uliza mtoto wa kwanza kupanda kwenye njia yako anapanda saa ngapi.

Nyaraka anza leo, maana hizi ndizo zinazochelewesha. Vyeti vya kuzaliwa vya RITA, taarifa za maendeleo za miaka miwili hadi mitatu, na cheti cha uhamisho, ambacho kwa kawaida hupitia mamlaka za elimu, Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Falme za Kiarabu Dar es Salaam. Kwenye taarifa za binti ambatisha karatasi ya viwango iliyosainiwa na mkuu wa shule: A ni 75 hadi 100, B 65 hadi 74, C 45 hadi 64, D 30 hadi 44. Ofisa wa kule akiona 68 bila maelezo atadhani ni mwanafunzi wa kawaida tu. “Wa 4 kati ya 52” wao hawaitumii, ila ukubwa wa darasa ueleze.

Kadi za kliniki zisipotee. Chanjo zetu za taifa zina surua na rubela; shule nyingi za nje hutaka pia matumbwitumbwi na tetekuwanga, ambazo hazimo kwenye ratiba ya serikali. Omba orodha ya nesi wa shule mapema, kisha tafuta hospitali binafsi, maana dozi mbili huachana kwa wiki kadhaa.

Siku ya mwisho watakuambia nafasi imebaki moja na ulipe amana hapo hapo. Omba kwanza barua inayotaja mwaka wa darasa wa kila mtoto, masomo ya IGCSE aliyohakikishiwa binti na bodi ya mtihani wa kila moja, msaada wa Kiingereza na bei yake, na masharti ya kurudishiwa fedha visa ikichelewa. Barua ya namna hiyo ofisi huiandika kwa nusu saa. Ukiletewa inayosema binti anaanza Mwaka wa 11, fomu yao iache mezani.